Neno Lililokwama Kila Jumanne

4 Februari

Shangazi,

Natumaini mgongo umekupa ruhusa ya kukaa chini na kuisoma hii. Mimi sijambo. Chumba nilichopanga kina dirisha moja linalotazama ukuta, na ukuta wenyewe si mbaya. Napika mwenyewe, na paka wa mwenye nyumba ameshakikataa chakula changu mara mbili.

Ningeweza kupiga simu, lakini wewe ndiye uliyenifundisha kwamba simu ni ya kuulizana nani amekufa, na jambo linalotaka jibu liandikwe. Basi naandika.

Kazi nimepata. Kaa kwanza. Mimi ni mkaguzi wa magodoro. Kiwanda ni kidogo, tuko watu kumi na mmoja, na kazi yangu ni kulala. Kila godoro la daraja la kwanza, yaani yale yanayokwenda hotelini na hospitalini, linaletwa kwenye chumba cha ukaguzi, nami nalilalia chali, ubavu wa kulia, ubavu wa kushoto, kifudifudi, kisha nalikalia ukingoni kama mtu anayetafuta ndara zake kwa miguu. Ndiyo, mimi huyuhuyu uliyekuwa ukinimwagia maji ili niamke.

Sasa shida. Godoro la daraja la kwanza haliondoki bila fomu, na fomu ina sentensi moja ya Kiingereza, kwamba mimi niliyetia saini hapo chini nimelijaribu godoro hili thoroughly. Hilo neno la mwisho silijui. Nilimuuliza fundi wa cherehani, yule dada anayeshona kingo, akasema labda ni "vizuri", lakini hawezi kuapa. Nilimuuliza dereva wa lori, akasema ni jina la mwenye kiwanda. Nilimuuliza Meneja, akasema, "We saini tu, bwana."

Unajua siwezi. Baba alisaini karatasi ambayo neno moja tu lilimpita, na wiki iliyofuata tukawa tunatoa vyombo barabarani. Ukanishika mkono ukaniambia nisije nikasaini nisichokielewa hata nikiwekewa panga shingoni. Nilikuwa na miaka minane na nimelishika mpaka leo.

Niko kwenye majaribio ya miezi sita, mwisho tarehe kumi na tano Julai. Nisiposaini fomu hawanithibitishi, natoka na begi langu. Wewe ni katibu wa kamati ya kamusi, tena ya Kiingereza na Kiswahili. Niambie tu neno hili maana yake nini. Mstari mmoja unatosha.

Wako,
Mkia

19 Februari

Mkia wangu,

Barua yako imefika ikiwa na doa la mafuta, kwa hiyo nimeamini kwamba unapika. Mgongo ndio bwana wa nyumba hii, mimi ni mgeni wake. Mpangaji wa chumba cha uani amehama, kasema amepata karibu na kazini. Chumba chako nimekifagia. Jumatatu pia nilikifagia.

Hongera kwa kazi. Nilijua tangu zamani kwamba usingizi wako si wa bure, ila sikudhani kama kuna mtu angeulipia.

Unataka mstari mmoja. Mwanangu, maneno yote ya Kiingereza umeyaacha, umeniulizia hilo. Kamati yetu iko herufi T, na neno hilo tulilifikia Jumanne ya juzi. Limetukalia kifuani.

Sikia tunavyofanya kazi, maana hujawahi kuuliza miaka yote hiyo niliyokuwa narudi na wino vidoleni. Tunakutana kila Jumanne kwenye chumba cha juu ya duka la vifaa vya ujenzi, watu saba. Yupo Mwenyekiti, ambaye hawezi kusema "fungua" bila kuongeza "au tufunge". Yupo Mwalimu Koma, mstaafu, anayepumzika katikati ya sentensi mpaka unadhani ameondoka duniani. Wengine wanne wanakubaliana na aliyezungumza mwisho. Wa saba ni mimi. Neno haliingii kamusini mpaka wote saba tukubali, na kura ni ya siri: kila mtu anatumbukiza harage kwenye kopo la maziwa, jeupe ndiyo, jekundu hapana.

Tena kuna kanuni kwamba mjumbe haruhusiwi kumpa mtu wa nje maana ya neno lisilopita. Kanuni hiyo niliiandika mimi, tulipokuwa herufi A, kwa sababu Mwalimu Koma alikuwa akiyagawa maneno mabichi kwa kinyozi wake. Kwa hiyo hata ningejua nisingekwambia.

Jumanne Mwenyekiti alipendekeza "kabisa". Meupe sita, jekundu moja. Na kweli haifai. Sitaki kabisa, simjui kabisa, umechelewa kabisa: hilo ni neno la kufungia mlango, si la kufanyia kazi. Subiri kidogo. Tukifika Z kamati inavunjwa na chumba kinarudi kwa mwenye duka, kila mtu ashike njia yake, hivyo hakuna kati yetu anayetaka kuchelewesha.

Kula. Na usilale na soksi mbichi.

Shangazi yako

11 Machi

Shangazi,

Mimi mzima, na paka sasa anakula. Fundi wa cherehani alinionyesha kwamba kitunguu hutangulia. Pole kwa mpangaji. Chumba changu usikifagie sana, kitaisha.

Nasubiri kama ulivyosema. Magodoro nayo yanasubiri. Yako mia moja na ishirini, yamejaribiwa yote, hakuna hata moja lililosainiwa. Tumeyapanga kwenye chumba cha ukaguzi mpaka usawa wa swichi ya taa. Fundi wa cherehani anasema ni aibu kushona kitu kikaishia ukutani.

Kwa kuwa sijui thoroughly ni kiasi gani, nimeona nijikinge. Mwanzo nililala dakika tano kila upande. Sasa ni robo saa. Nikaongeza kulala mshazari, maana wapo watu wanaolala mshazari, na kulala kichwa upande wa miguu. Juzi nilijaribu kulala huku nina hasira, maana wagonjwa wengi wana hasira. Hilo lilinichukua muda kwa sababu hasira ilinitoka.

Wiki iliyopita Meneja alikuja kunifukuza. Alisimama mlangoni na kalamu, akasema, "Hii hapa. Ama unasaini ama unakwenda." Nikamwambia, "Meneja, nitasaini sasa hivi. Niambie tu nasaini nini." Akaichukua fomu. Akaisoma. Akakaa ukingoni mwa godoro. Akasema taratibu, "Neno hili nimelisaini miaka tisa. Kabla yako mkaguzi nilikuwa mimi." Nikampisha akalala. Tukalala wote wawili, chali, tunatazama dari. Baada ya muda akasema mke wake hulalamika kwamba hajawahi kumsikiliza.

Basi hakunifukuza, ila tarehe kumi na tano Julai haisogei, kasema imo kwenye mkataba na mkataba haumjui yeye. Jumanne zimeshapita tatu tangu uniandikie. Bado tu?

Mkia

2 Aprili

Mkia,

Kwetu heri. Bomba la jikoni lilikuwa linavuja tone moja moja, fundi kaja kalifunga, sasa nyumba kimya jii. Nilikuwa nimelizoea. Chumba chako nimebadilisha pazia.

Nimeona kwamba katika barua ya kurasa mbili fundi wa cherehani ametajwa mara mbili na mgongo wangu haukuulizwa hata mara moja. Sisemi kitu.

Bado. Mwalimu Koma alileta "barabara", Mwenyekiti akaleta "kikamilifu", wakashikana mashati kwa adabu. Ikaamuliwa tujaribu. Tukachukua vikombe viwili vya ofisi vyenye ukoko wa chai wa tangu herufi M. Mwenyekiti akaosha kimoja kikamilifu, Mwalimu Koma akaosha cha pili barabara. Tukavipitisha mkono kwa mkono, tukavinusa, tukavitazamia dirishani. Mama anayetupikia chai akaitwa, akasema, "Vyote ni visafi, ila mmetumia sabuni yangu ya wiki." Likaandikwa kwenye kumbukumbu kama ushahidi usioegemea upande. Kura zikapigwa, na kila moja ikatoka na jekundu moja.

Jumanne iliyofuata ilikuwa zamu yangu kuzungumza, na nikasema jambo ambalo hata wewe unaweza kulitumia huko unakolala. Wenzetu Waingereza wana neno moja wanalitia kila mahali. Wanaosha thoroughly, wanapika thoroughly, wanachoka thoroughly, wanafurahi thoroughly, mtu anaweza kuwa mpumbavu thoroughly. Sisi kila jambo limeshonewa lake kwa kipimo. Nguo ni nyeupe pe. Chungu ni cheusi tii. Mtu amelowa chapachapa, amechoka hoi, amelala fofofo, ukumbi umejaa pomoni, na jambo unalijua fika. Ukisema mtu amelala pomoni watu watamtazama kitandani wamhesabu. Kwa hiyo ukiniuliza thoroughly ni nini, lazima nikuulize, thoroughly ya nini?

Walipiga makofi. Mwenyekiti akasema tupige kura tuyaweke yote. Meupe sita, jekundu moja.

Tulibishana mpaka duka la chini likafungwa, na Mwalimu Koma akanisindikiza mpaka barabarani. Nilichoka hoi. Nililala vizuri.

Shangazi yako

6 Mei

Shangazi,

Shikamoo, na mgongo nao shikamoo, maana ulilalamika kwamba sikuuulizia.

Nimesoma barua yako mara nne na fundi wa cherehani ameisoma mara moja, ameipenda, hasa hapo pa pomoni. Lakini haiwezi kutiwa saini. Fomu haina nafasi ya kuuliza "thoroughly ya nini".

Mambo hapa yamekuwa ya kustaajabisha. Sasa nalala saa nzima kila godoro, na kwa kuwa umesema kulala kuna fofofo yake, nikaona godoro halijajaribiwa mpaka nilale fofofo. Karani wa kiwanda akanikuta nikikoroma, nikaandikiwa barua ya onyo kwa kosa la kulala kazini. Nilijieleza kwa maandishi kwamba kulala ndiyo kazi. Meneja akakubali, akaifuta. Kesho yake karani akanikuta macho, nikaandikiwa ya pili kwa kosa la kuacha kazi kabla ya muda. Ninazo zote mbili, nimezihifadhi pamoja, iliyofutwa na isiyofutwa.

Magodoro ni mia mbili arobaini na yamefika darini. Mlango haufunguki wote. Fundi wa cherehani hupanda juu yake kwa ngazi kuniletea chakula cha mchana, na tunakula huko juu, tumeinama, vichwa vikigusa dari. Ni mambo ya kazi tu.

Sasa sikiliza kwa makini. Meneja ameandika kwa mkono wake kwamba atakubali maana moja tu, itakayotoka kwa kamati ya kamusi, yenye muhuri. Ikifika kabla ya tarehe kumi na tano Julai nisaini, nithibitishwe, magodoro yaende zake. Isipofika, hoteli na hospitali zitakwenda kununua kwingine, chumba cha ukaguzi kitafungwa na mimi nimekwisha. Nakuomba umwambie Mwenyekiti kwamba si neno tena. Ni mimi.

Mkia

30 Mei

Mkia,

Mvua hazikomi. Paa linavuja juu ya chumba chako, nimeweka ndoo, nakwenda kuimwaga asubuhi na jioni, kwa hiyo nipo chumbani mwako zaidi kuliko mwangu.

Kamati ilitoka nje Jumanne kusimama mvuani ili ione chapachapa. Tulisimama nusu saa. Mwenyekiti ameshikwa na mafua, na Mwalimu Koma alipotaka kusema kwamba inatosha, alipumzika katikati ya sentensi tukalowa zaidi. Sijacheka hivyo tangu uondoke.

Umeuliza kuhusu muhuri. Muhuri upo, wino wake umekauka kidogo.

Vaa kitu kizito.

Shangazi yako

17 Juni

Shangazi,

Nimeisoma barua yako ya Mei nikaigeuza nyuma kuona kama kuna maandishi mengine. Hapakuwa na kitu. Nilikuomba jambo moja ukanijibu habari za ndoo.

Leo sitanii. Zimebaki wiki nne. Nimepata kitu huku ambacho sijawahi kuwa nacho. Nina kazi, watu wananijua kwa jina la utani lililo zuri, na nina sababu nyingine ya kutotaka kuondoka ambayo nitakwambia ikiwa nitabaki. Nikifukuzwa narudi kulala chini ya pazia jipya nikiwa mtu mzima wa miaka ishirini na tisa.

Nimepiga hesabu. Kila Jumanne meupe sita, jekundu moja. Si kwamba mnabishana, mmeshakubaliana tangu Aprili. Kuna mtu mmoja tu. Likipendekezwa "kabisa", hapana. Likipendekezwa "kikamilifu", hapana. Mkiyaweka yote, hapana. Mtu huyo hajali neno wala kamusi. Mimi sijui ni nani kati ya hao wenzako, lakini wewe una macho, umekaa nao meza moja miaka kumi na sita. Mtafute. Mwambie nina siku ishirini na nane.

Nami nitakwambia ninavyomfikiria, nikiwa juu ya magodoro mia tatu na kitu, bila usingizi hata wa kulipwa. Ni mtu ambaye hana mtoto. Angekuwa na mtoto wake mahali fulani anayesubiri jambo dogo kama hili, asingeweza kulala Jumanne jioni.

Mkia

3 Julai

Mwanangu,

Salamu zitafuata mwishoni, nisije nikajificha ndani yake.

Harage jekundu ni langu.

Kikulacho ki nguoni mwako, walisema, na chako kilikuwa kimevaa gauni langu la bluu. Jumanne ya kwanza nilipiga hapana ya kweli, kwa sababu "kabisa" haifai, na sijutii. Ya pili ilikuwa nusu kweli. Ya tatu hapakuwa na sababu yoyote. Niliona tu kwamba neno likikwama tunakaa mpaka jioni, tunabishana, tunakunywa chai, mtu ananisindikiza, nafika nyumbani nimechoka nalala bila kuisikiliza nyumba. Nikaanza kuja na harage jekundu kutoka nyumbani, kwenye leso, kwa sababu yale ya ofisini niliogopa yataonekana yanapungua. Nilifanya hivyo karibu Jumanne ishirini.

Huko mbele zipo U, V, W, X, Y na Z, na hakuna hata moja nene. Tukipita T, tutamaliza ndani ya mwaka. Kisha chumba kinarudi kwa mwenye duka la misumari, na mimi narudi kwa nani? Mpangaji kahama. Bomba limefungwa. Wewe una paka wa mtu na ngazi ya kupandia chakula. Nilijua tangu Februari kwamba unasubiri. Nilijiambia kwamba Julai ni mbali, na nikijibana moyoni nasema, akifukuzwa atarudi. Hilo ndilo baya kuliko yote na nimelazimika kuliandika ili nilione.

Umesema mtu huyo hana mtoto. Sikuzaa, ni kweli. Lakini mtoto ninaye, na ndiye niliyekuwa ninamkaba koo.

Jumanne hii nilisimama nikawaambia wote. Mwenyekiti alisema, "Tunakusamehe," na kwa mara ya kwanza hakuongeza kinyume chake. Mwalimu Koma alisema alijua tangu Machi, kwa sababu maharage ya ofisini ni madogo na langu ni la nyumbani. Nikamuuliza kwa nini alinyamaza. Akapumzika. Akasema naye anaishi peke yake.

Tulipiga kura. Meupe saba. Nimekutumia karatasi yenye muhuri, kwa posta, kwa rejista. Imeandikwa hivi: Thoroughly, kwa namna ya kulimaliza jambo ndani na nje, bila kubakiza mahali, na kila jambo litafutiwe neno lake katika Kiswahili, pe, tii, jii, fika, fofofo, hoi, chapachapa, pomoni.

Mgongo hauna umuhimu leo. Ukinikasirikia una haki. Usikose tu kula.

Shangazi yako

14 Septemba

Shangazi,

Nimechelewa makusudi. Nilikasirika, na nilitaka nikasirike mpaka iishe, nisikuletee makombo. Iliniuma sana. Umenilea bila kunidanganya, halafu ukanidanganya kwa harage. Wiki sita sikuweza kuona leso ya mtu. Kisha siku moja nikiwa nimelala kwenye godoro, nikafikiria nyumba ile bila bomba, nikalia, na godoro lile ilibidi lijaribiwe upya kwa sababu ya unyevu.

Mgongo vipi? Paka kazaa watoto watatu chini ya jiko langu. Nadhani anatafuta chakula cha fundi wa cherehani.

Karatasi ilifika tarehe kumi na tatu Julai, saa nne asubuhi. Meneja aliwakusanya watu wote kumi na mmoja, akaisoma akiwa amesimama juu ya kreti. Alipofika "ndani na nje" akasita. Akaisoma tena. Akaniambia, "Nje umelalia wewe, tunashuhudia. Ndani alijaribu nani?"

Shangazi, niligeuka nikalitazama rundo. Magodoro mia tatu themanini na saba, na ndani sijawahi kuona hata moja. Karani alishakwenda kuleta kisu. Ndipo fundi wa cherehani akasema, kwa sauti ya kawaida tu, "Ndani nayajua mimi. Kila moja naliangalia kabla sijalifunga. Ningekuwa siyaangalii nisingelala."

Meneja akafikiri. Akasema basi kila fomu isainiwe na watu wawili, wa nje na wa ndani, kwa pamoja, kila mmoja akimtazama mwenzake anaposaini.

Tulianza saa tano. Tulikaa meza moja, yeye kushoto, mimi kulia, karani akitupa fomu moja moja. Nilizisoma zote. Tulimaliza kesho yake adhuhuri. Nilipoweka kalamu chini baada ya ile ya mia tatu themanini na saba, akavinyoosha vidole, akaniuliza, "Imebaki ipi?" Nikatazama mezani, nikamwambia zimekwisha. Akasema, "Angalia vizuri." Ilinichukua muda, unanijua. Karani alielewa kabla yangu akatoka nje.

Nimethibitishwa kazini. Nilikuahidi nitakwambia sababu nyingine nikibaki, basi hiyo ndiyo, na fomu aliyoisema ni ya ndoa. Ana mkono mwepesi na ulimi mzito kidogo kuliko wako. Anajua habari zote za harage, nilimsomea. Akasema kwamba mtu aliyekwamisha kitabu kizima kwa upweke anahitaji kiti mezani, si barua.

Tumepanga nyumba ya vyumba viwili. Nyumba ina kelele thoroughly, upande mmoja ni fundi wa bati, upande wa pili ni shule ya chekechea. Jumanne hakuna kinachofanyika huku. Sijui utafanya nini Jumanne. Lakini hatutaki kuandika tarehe ya ndoa mpaka tujue unakuja lini, na ukija sisi hatujui utaondoka kwa nini.

Mkia wako

25 Septemba

Wanangu wawili,

Sisi wote hatujambo: mimi, mgongo, na Mwalimu Koma, aliyeniomba niwasalimie, sentensi yenyewe akaimaliza siku ya pili.

Nimejiuzulu. Mwenyekiti nimemwachia herufi sita, kopo na maharage yote meupe. Alinisihi nibaki angalau U ipite, nikamwambia nina kazi ya nje na ndani inayoningoja. Nyumba nimempa mama wa chai na wanawe wanne, wanaingia siku nitakayoondoka. Watalizibua lile bomba bila hata kutaka.

Basi langu linafika Alhamisi ya tarehe nane Oktoba, saa nane mchana. Nina begi moja na mto wangu. Mkia, usije kunipokea peke yako.

Shangazi